Mgomba Uliozikwa Badala ya Baba

Nikisikia harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi, ule utomvu wake wenye ukakasi, mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe. Wengine harufu hiyo huwapeleka shambani au harusini. Mimi hunipeleka matangani. Nimepita miaka hamsini, nina wajukuu wawili, kanisani nakaa benchi la mbele, na bado nikiinusa namtaka mtu mmoja nimkwide shati. Nasema mapema msije mkadhani nimekuja hapa na habari za kusamehe.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu, kati ya Butiama na Nyamuswa, mnaukumbuka wakati ule. Tulichimba mahandaki nyuma ya darasa hata kusoma hatujajua. Tuliimba nyimbo za kumtukana adui aliyevuka mpaka kutoka Uganda, na tukazipenda kwa sababu ndizo nyimbo pekee zilizoruhusu matusi mbele ya mwalimu. Malori yakaenda Musoma yamejaa wanaume wa kwetu. Halafu sabuni ikapotea madukani, mama zetu wakafua kwa majani ya mpapai, tukaenda shule tunanuka ukijani. Hayo kila mtu anayasimulia. La kwangu halijasimuliwa, kwa sababu aliyelifanya yuko hai, na kwenye kila harusi anatafutiwa kiti.

Baba yangu, Wambura, alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, na vidole vyake vilinuka gundi ya viraka hata akitoka kuoga. Alikuwa mgambo, kwa hiyo alipoitwa hakuwa na la kusema. Asubuhi ya kuondoka alivaa shati la bluu, akakisogeza kigoda chake ukutani, kile cha miguu mitatu ambacho kwetu hukaliwa na mwenye nyumba peke yake, akaniambia, "Nyangeta, hiki asikalie mtu. Nikirudi nikikute kina baridi."

Mimi nikaichukua hiyo kama kazi ya serikali. Nilikaa pembeni ya kigoda nikifukuza kuku. Kila jioni nilikigusa kwa kiganja kuhakikisha kina baridi.

Mdogo wake Baba, Magesa, ndiye tuliyemwita Baba Mdogo, hakwenda vitani. Alikuwa na mguu unaouma siku za kuandikisha watu tu. Siku za ngoma mguu ule ulikuwa mzima kabisa.

Vita ikaisha. Wanaume wakaanza kurudi wakiimba, na hawakurudi mikono mitupu. Huyu ana redio, yule ana saa mbili kwenye mkono mmoja. Jirani yetu alikuja na cherehani, kichwa tu bila miguu, akakiweka juu ya meza watu wakaja kukishangaa. Hakuna aliyeuliza cherehani ile ilimshoneaga nani kabla. Mimi nilichokuwa nawaza ni kwamba Baba ataniletea mwanasesere mwenye viatu. Baba hakuja. Akaja mtu wa Mugango aliyekuwa naye huko, akamwambia Bibi kwamba Wambura aliumia paja karibu na mto, gari halikuweza kusubiri, wakamwacha.

"Ulimwona amekufa?" Bibi akauliza.

"Sikumwona amekufa, mama. Nilimwona amebaki."

Bibi akasema tusubiri mvua mbili. Baba Mdogo akasema tusubiri nini, mtu aliyeachwa mtoni na tundu la risasi anaishije? Nyumba ya kaka yake haiwezi kukaa wazi, mke hawezi kukaa hivi hivi, ng'ombe hawawezi kukosa mwenyewe. Aliyasema akiwa amesimama mlangoni kwetu, tayari mguu mmoja uko ndani.

Kwenye ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa mgomba mahali pake. Huchaguliwa mnene, hukatwa juu ya ardhi kwa panga kali, pigo safi, usiguse chini. Hufungwa blanketi, huliliwa, huzikwa, huoza, na marehemu hupumzika. Ikitokea kwamba hakufa, akarudi, basi haingii ndani. Aliyeukata mgomba ule, yeye na si mwingine, lazima aufukue kwa mikono yake na kuutupa ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo nyumba hutobolewa tundu kwa nyuma, mtu akaingizwa kama mtoto aliyezaliwa leo. Kabla ya hapo ni maiti inayotembea. Hatakula na watu, wala hatalala chini ya paa lake.

Siku ya maziko Baba Mdogo alikuwa ameanza pombe ya ulezi tangu kunapambazuka. Akaenda kwenye mgomba wa nyuma ya bafu, ambako ardhi ni tope la maji ya kuoga. Panga lilikuwa butu. Akapiga mara moja, likateleza. Akapiga tena, likanasa. Akatukana, akaukumbatia ule mgomba, akautikisa huku na huku mpaka ukang'oka wote, na tunguu lake, lile bonge la chini, na mizizi inaning'inia na matope.

"Magesa," Bibi akasema, "huo una mizizi."

"Mama, mgomba ni mgomba. Watu wana njaa."

Wakaufunga hivyo hivyo kwenye blanketi la Baba, wakauzika upande wa kushoto wa nyumba. Katekista alisimama mbali kidogo. Alisali kwa kifupi, ila maji ya baraka hakunyunyiza, akasema yeye hana sala ya mgomba. Mama akanyolewa nywele zote. Mimi nililia kwa sababu watu wazima walikuwa wanalia, na kwa sababu lile blanketi lilikuwa linanikinga baridi mimi pia.

Haukupita muda, Baba Mdogo akahamia kwetu. Alikuja na blanketi lake, kibuyu chake cha ugoro na kikohozi chake. Jioni ya kwanza akakivuta kigoda, akakaa.

"Baba amesema kisikaliwe," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Baba gani? Baba yako ni mimi sasa."

Kesho yake nikaenda porini nikatafuta upupu. Nikaushika kwa majani ya mpapai nisijidhuru, nikakipangusa kigoda chote, taratibu, bila kusahau ukingo. Alijikuna siku mbili, kaptula mkononi, anazunguka nyumba. Nilichapwa mpaka fimbo ikakatika, na tangu siku ile hadi leo sijawahi kuchapwa kipigo kitamu namna ile.

Mvua zikaja. Asubuhi moja niliona kwenye kaburi la Baba ncha ya kijani iliyojikunja, imetoboa udongo. Ninyi mnajua ni tunguu lile lilikuwa linachipua, kazi ya mlevi na panga butu. Mimi wakati huo sikujua. Nilikuwa nimewasikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema, "Tumemlaza Wambura pale." Waliyemlaza ni Wambura, na sasa Wambura alikuwa anaota. Sikumwambia mtu. Nikaanza kubeba maji ya kuoshea vyombo, kopo kwa kopo, nikimwagilia, nikimpa na habari za nyumbani. Nilimwambia nani anakalia kigoda.

Bibi akanikuta mchana mmoja, jua la utosi, nimeinama na kopo. Nikajua nimekwisha. Akakiangalia kile chipukizi, kilikuwa kimenifika gotini, akaniangalia mimi.

"Siyo saa hizi," akasema. "Mwagilia jioni. Mchana utaunguza mizizi."

Basi nikawa namwagilia jioni. Kikanifika kifuani, kikanipita kichwa, kikatoa wadogo zake wawili pembeni. Na ilikuwa jioni, kopo liko mkononi, nilipomwona mtu amesimama nje ya ua wa minyaa. Alikuwa amekonda, anaegemea mti, shati lake si la bluu, miguu yake imejaa matope. Nilianza kwa kuangalia vidole vya miguu kama vina mizizi. Halafu nikageuka kuangalia kaburi, nione katokea upande gani.

"Umekua haraka," nikamwambia.

Akacheka, machozi yakamtoka. Akaona lile tuta na migomba juu yake. "Nyangeta, hapo kalala nani?"

"Ni wewe."

Kicheko kikamwisha. Yeye ni wa ukoo huu, alielewa palepale, na mguu aliokuwa ameuinua kuvuka ua akaurudisha nje. Mto ule haukumuua. Watu wa kijiji kimoja cha Uganda walimwokota, wakamtibu kwa majani, akatembea alipoweza kutembea. Ametembea kote huko aje kuzuiwa na minyaa ya kwake mwenyewe.

Baba Mdogo akatoka na kigoda mkononi. "Wambura, usiingie. Usituletee mkosi, tumeshakuzika." Nyuma yake akatoka Mama, mkono juu ya tumbo, na tumbo lilikuwa la miezi sita. Baba aliliangalia lile tumbo, kisha akaangalia mlango.

Wazee wakakaa. Wakamwambia Baba Mdogo kazi yake iliyobaki ni ndogo: chukua jembe, chimba, tupa ng'ambo, kaka yako aingie. Akasema kesho. Kesho yake akasema Mama ni mjamzito, kaburi halifukuliwi nyumba ikiwa na mimba. Mtoto akazaliwa, akasema ngoja mavuno. Baada ya mavuno akasema mbona haraka, kwani hali? Anakulaga kila siku! Kweli alikuwa anakula. Nilikuwa nampelekea mimi, sahani ya peke yake, kwenye kile kibanda chake cha baiskeli walichokihamishia nje ya ua. Mwenye nyumba, mwenye ng'ombe, mwenye mke, anakula ugali wa muhogo na dagaa nje ya minyaa, anasikia watu wake wanacheka ndani.

Niliwahi kumwambia, "Baba, ingia tu. Mpige."

Akaendelea kupaka gundi kiraka. Akasema, "Kule Uganda tulilala kwenye nyumba ya watu. Kitanda chao, sufuria zao. Ukutani kuna picha ya watoto watatu. Wenyewe walikuwa migombani hapo nyuma, wanatuangalia tunavyokula mbuzi wao. Mama mmoja akaja kuomba sufuria yake, moja tu, apikie watoto. Nikamfukuza kwa bunduki, Nyangeta. Mimi huyu. Nilikuwa nimekaa mle siku nne tu, na nilimwona yeye ndiye mgeni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Magesa simshangai."

Basi yeye hakushangaa. Aliona analipa. Mimi sikuwa na sufuria ya mtu, sikuwa na deni na yeyote, na nilishangaa kila siku. Mama yule kama yuko hai na bado anamlaani baba yangu, ana haki yake, amlaani, na mimi nitaitikia amina. Lakini laana yake hakumwachia Magesa aitumie.

Mtoto aliyezaliwa walimwita Yohana. Nilipewa nimbebe mgongoni, na nakiri, nilikuwa namfinya paja ili alie Baba Mdogo anapotaka kusinzia. Alipokua kidogo akawa anatoroka kwenda kule kibandani, na Baba, mtu yule asiye na kinyongo hata cha dawa, akamtengenezea ringi ya baiskeli ya kuendesha kwa kijiti. Yohana alinipenda kuliko nilivyostahili. Nami nilimpenda, ila kwa kujificha.

Baba alifariki kwa kifua, mimi niko darasa la saba. Baba Mdogo akasema, "Tulishamlilia." Hakuna moto uliowashwa uani, hakuna ndugu aliyeitwa, si wa Musoma si wa Mugango. Mama alikatazwa kunyoa mara ya pili. Alilia jikoni, amejiziba mdomo kwa kanga, moshi ukisingiziwa. Wanaume wanne walichimba pembeni ya migomba, wakafukia, na saa ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa kwake. Baba yangu alizikwa mara mbili: mara ya kwanza walimlilia hayupo, na mara ya pili, alipokuwepo, walikosa hata nafasi ya kuimba wimbo mmoja.

Nikamfuata Baba Mdogo hadi kwenye kigoda. Nikamwambia, "Nitakuletea."

"Utaniletea nini?"

Sikujua. "Nitakuletea tu."

Miaka ikapita. Bibi akafa, Mama akafa. Yohana akawa mwanajeshi, akamjengea baba yake nyumba nzuri Nyasura, kule Bunda, na mzee akahamia. Kigoda alikiacha, siku hizi anakalia viti vya plastiki. Mimi nilibaki na lile kaburi la mgomba, ambalo sasa ni shamba. Nauza ndizi zake Nyamuswa siku za mnada, na haijawahi kwenda Nyasura hata ndizi moja iliyooza. Yohana akija likizo alikuwa anapita kwangu kwanza. "Dada, mzee anazeeka." Namjibu, "Azeeke." Anacheka, anakula, anaosha sahani mwenyewe.

Mwaka huu Yohana alikuwa nchi ya watu, kwenye jeshi la kulinda amani. Simu zake zikakatika. Wakubwa zake wakaleta habari kwamba kikosi chao kilishambuliwa njiani na yeye hajaonekana, wanaendelea kumtafuta. Wiki zikawa miezi. Ndipo wifi yangu, mkewe, akanipigia.

"Wifi, wazee wa ukoo wamekaa. Wanasema labda ufanyike ule mgomba, roho zitulie. Mzee amekataa kabisa. Anasema mwanangu yuko hai, hajaonwa amekufa, atakayegusa mgomba namlaani. Anasema tusubiri mvua mbili."

Mvua mbili! Nilikaa chini palepale shambani nikacheka mpaka kuku wakakimbia. Mimba ya Mama, kibanda cha nje ya ua, sahani ya peke yake, moto ambao haukuwashwa, vyote vilinirudia kwa mpigo, na nikajua ni nini nilichoahidi kumletea.

Nililinoa panga kwa nusu saa. Nikachagua mgomba mnene pale juu ya tuta. Pigo moja, juu ya ardhi, safi, tunguu sikuligusa. Nikaupunguza kileleni ubebeke, nikaufunga blanketi. Kijana wa bodaboda akaangalia ule mzigo, akauliza, "Mama, isije ikawa maiti?" Nikamwambia ni maiti ya zamani, twende. Tulipita Nyamuswa watu wananipungia, nami nawapungia.

Tulifika Nyasura jua la utosi. Wifi alikuwa ameenda sokoni. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake cha plastiki, macho yameingia ukungu, na binti mdogo wa Yohana, Neema, wa miaka saba, anachambua mchicha pembeni yake. Nikaulaza ule mgomba juu ya magoti ya mzee.

"Nani?"

"Nyangeta."

"Umeleta nini?"

"Nilisema nitakuletea."

Akapapasa blanketi, akalifungua, harufu ikatoka. Mikono ikasimama. "Wa pale?"

"Pale pale."

Vidole vikashuka taratibu hadi mwisho wa shina, vikagusa pale nilipokata. "Hauna tunguu."

"Nimekata vizuri. Wewe ulikosea, ndiyo maana baba yangu alirudi."

Akalirudisha blanketi. "Nyangeta, Yohana ni mdogo wako. Tumbo moja."

"Na Wambura alikuwa kaka yako. Tumbo moja."

Mzee yule akajaribu kusimama, mgomba ukamwanguka magotini hadi chini, akaning'ang'ania mkono. "Nipeleke Butiama. Nipeleke leo nichimbe. Nitachimba kwa mikono, Nyangeta, nitautupa ng'ambo. Nipeleke, mwanangu arudi."

Nilikuwa nimelisubiri ombi hilo tangu nina kopo la maji mkononi. Nikainama karibu na sikio lake.

"Kesho," nikamwambia.

Akalia muda mrefu kwa sauti, mdomo wazi, mzee wa kutafutiwa kiti. Nami nilifurahi. Siandiki uongo: nilifurahi mpaka tumbo likanipoa, na ningekuwa na mgomba wa pili ningemletea. Nikageuka nimwite kijana wa bodaboda, na ndipo nilipomwona Neema. Alikuwa ameuchukua ule mgomba bila sisi kumwona, ameuburuza hadi karibu na bomba la maji, amechimba kishimo kwa mwiko, ameusimamisha na kuuegemeza ukutani. Jagi limejaa mkononi.

"Shangazi," akasema, "nimeupanda. Baba akirudi atakuta ndizi."

Niliangalia chini ya shina lile. Mkato wangu ulikuwa mweupe, bapa, unachuruzika maji. Kitu kama kile hakioti, hata ukimwagilia mpaka ziwa likauke, na katika ukoo wote aliyehakikisha kwamba hakitaota ni mimi, dada yake Yohana. Mtoto akainua jagi.

Nikamshika mkono.

"Siyo saa hizi," nikamwambia. "Mwagilia jioni. Mchana utaunguza mizizi."